Jua Ni ya Bure, Usiku Ndio Ina Bei: Betri za Sola Zimefika Wapi, na Wewe Ununue Gani

Sema uko Ogwedhi, ile soko ya Migori karibu na mpaka wa Trans Mara. Ni Jumamosi saa mbili usiku na kinyozi amekumaliza upande mmoja wa kichwa. Stima inapotea. Mashine inanyamaza, TV inazima, na game ilikuwa imebaki dakika kumi. Hapo next door kinyozi mwingine anaendelea na job kama kawa, ngoma inapiga, na wasee walikuwa kwa laini yenu wanaanza kuhama mmoja mmoja.

Hawa vinyozi wote wawili wako na sola juu ya mabati. Paneli zao zinafanana. Tofauti iko chini ya meza, kwa betri.

Hii ndio kitu wengi hawajui kuhusu sola. Jua ya upande wa Migori na Homa Bay haina stress, inawaka karibu mwaka mzima. Lakini inazama kitu saa kumi na mbili na nusu jioni, na hapo ndio watu wanatoka job wakitaka kunyolewa, kucheki game na kuchaji simu. Betri ndio inabeba jua ya mchana ikupelekee usiku. Na kwa hii miaka kumi na tano hivi, betri imebadilika kushinda karibu kila kitu ingine kwa sola. Shida ni kwamba ukienda duka bila rada, bado utauziwa ile ya kizamani, ama feki ya ile mpya. Basi tuchambue.

Betri ya asidi: mzee wa kazi

Hii unaijua. Ni ile nzito ya gari, iko na asidi ndani na sahani za risasi, ile madini inatengenezwa nayo risasi za bunduki. Mfaransa anaitwa Gaston Planté ndiye aliunda ya kwanza mwaka 1859, na hadi wa leo kanuni ni ile ile. Bei yake iko chini, fundi yeyote anaijua, na inapatikana hadi kwa senta ndogo.

Lakini mzee ako na mashida tatu.

Ya kwanza, hataki kumalizwa. Betri ya asidi ikiandikwa 100Ah, ukitaka ikae, tumia nusu peke yake. Ukiifyonza hadi chini kila usiku, inakufa mapema.

Ya pili, inazeeka haraka. Ukiitunza vizuri, ile ya kawaida ya sola inakupea kama mara 500 za kujaza na kutumia. Ukitumia kila siku, hiyo ni mwaka mmoja na miezi nne hivi. Ile ya gari ni mbaya zaidi, juu iliundwa kusukuma stata kwa sekunde kadhaa, si kuwasha TV masaa sita.

Ya tatu, inachukia joto. Mafundi wako na kanuni moja: joto likipanda digrii 10 juu ya 25, maisha ya betri ya asidi inakatika karibu nusu. Sasa fikiria kibanda ya mabati saa nane mchana, betri imefichwa kwa kona haina hewa. Hiyo betri unaichoma polepole na hujui.

Lithiamu: usichanganye aina mbili

Lithiamu ndio ile iko kwa simu yako. Sony walianza kuiuza mwaka 1991, na mwaka 2019 wasee watatu walioijenga, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakapewa Nobel ya kemia. Goodenough alikuwa na miaka 97 akiichukua, hakuna mtu amewahi kupata Nobel akiwa na umri kama huo.

Lakini "lithiamu" si kitu moja. Kuna aina mbili utakutana nazo.

Aina ya kwanza inatumia nikeli, manganizi na kobalti. Inabeba nguvu mob kwa uzito kidogo, ndio maana inapendwa kwa magari na laptopu. Shida yake ni kwamba ikiumia ama ikipata joto sana, inaweza kushika moto ambao kuuzima ni kazi. Januari 2025 kituo kikubwa cha betri cha Moss Landing, kule California, kilichomeka na watu wa karibu wakaambiwa wahame. Betri zake zilikuwa za aina hii. Halafu kobalti yenyewe, nyingi ya dunia nzima inatoka Congo, upande wa Kolwezi, na kuna migodi huko watu wanachimba kwa mikono na maisha iko hatarini.

Aina ya pili inatumia chuma na fosfeti. Kwa boksi utaona imeandikwa LiFePO4 ama LFP. Haina kobalti wala nikeli. Inabeba nguvu kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini imetulia: kushika moto ni ngumu zaidi, inavumilia joto vizuri kuliko asidi, na inakubali kutumiwa hadi asilimia 80 ama 90 bila kulia. Ile poa inafikisha mara 3,000 na zaidi. Kwa sola ya nyumbani na ya biashara, hii ndio ya kutafuta. Uzito si noma, juu betri imekaa chini ya meza, haiendi mahali.

Na bei? Mwaka 2010, pakiti ya lithiamu ya kubeba kilowati-saa moja ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024, hesabu ya BloombergNEF ilikuwa dola 115. Hiyo ni wastani wa dunia ya bei za viwandani, kwa hivyo usiende kwa duka Migori ukidai hiyo bei. Lakini ndio sababu kitu ilikuwa ya matajiri sai inafika Ogwedhi.

Hesabu ya kinyozi

Twende kwa namba, juu hapa ndio doo yako inapotea ama inaokoka. Sema kinyozi anataka kufanya kazi na sola peke yake kuanzia jioni:

- Mashine ya kunyoa, wati 15 kwa masaa 5: wati-saa 75
- TV ndogo, wati 40 kwa masaa 6: wati-saa 240
- Taa tatu za LED za wati 7, masaa 5: wati-saa 105
- Simu 20 za wateja, kila moja wati-saa 15: wati-saa 300

Jumla ni wati-saa 720. Inveta nayo inakula yake ikibadilisha stima, kwa hivyo weka kama 830.

Sasa chukua betri ya asidi ya voliti 12, 100Ah. Ukizidisha unapata wati-saa 1,200. Lakini tulisema utumie nusu, so ni 600. Haitoshi! Ukilazimisha, unaimaliza hadi karibu asilimia 70 kila siku, na hata mwaka inaweza kukosa kufikisha. Hapo ndio kinyozi anaanza kusema "sola ni uongo". Sola haijadanganya mtu. Ni betri iliwekwa kazi haiwezi.

Chukua LiFePO4 ya 100Ah. Inakuanga voliti 12.8, hiyo ni wati-saa 1,280. Tumia asilimia 80 unapata 1,024. Kazi inaisha usiku na inabaki kidogo ya asubuhi.

Sasa angalia maisha yote ya betri. Ile ya asidi: 600 mara 500, ni kama yuniti 300, yaani zile yuniti unanunua za tokeni. Ile ya LiFePO4: 1,024 mara 3,000, ni zaidi ya yuniti 3,000. Mara kumi. Kwa hivyo hata kama dukani lithiamu ni mara tatu ya bei ya asidi, kila yuniti inakugharimu chini ya theluthi. Betri rahisi ndio imekuwa ghali.

Usisahau paneli. Kujaza hiyo kazi kila siku unahitaji paneli ya wati 250 hadi 300, na kwa mvua ya Aprili hata hiyo inaweza kulemewa siku kadhaa. Paneli ya wati 100 na betri kubwa ni kama mtungi mkubwa chini ya bomba inadondoka.

Lakini doo ya mara moja sina

Hii ndio swali ya maana, juu hesabu ya miaka nane haisaidii mtu ako na doo ya wiki moja. Na hapa ndio Homa Bay iko na story yake.

Omena inavuliwa usiku, haswa kama hakuna mwezi. Wavuvi wanaweka taa juu ya maji, wadudu wanakuja, omena inafuata, wavu inashushwa. Kwa miaka mob taa hizo zilikuwa karabai za mafuta taa. Moshi kwa macho, glasi inapasuka, na kila usiku unanunua mafuta kabla hujajua kama utashika samaki. Oktoba 2023 lita ya mafuta taa Nairobi ilipita shilingi 200. Hebu fikiria mvuvi wa Muhuru Bay ama Sori akienda ziwani na hiyo bei, arudi na ndoo nusu.

Mwaka 2008, kampuni ya taa ya Ujerumani, OSRAM, ilifungua kituo cha sola Mbita. Idea ilikuwa simple: mvuvi hanunui betri. Jioni anachukua taa na betri imejaa, analipa ya usiku mmoja, asubuhi anarudisha, jua inaijaza tena. Siku hizi pale Mbita kuna WeTu, kampuni ya kijamii iliyoanzishwa na Siemens Stiftung, inakodisha taa za wavuvi zenye lithiamu, na imeingia pia kwa maji safi na pikipiki za umeme.

Angalia kitu imebadilika hapo. Mvuvi habebi hasara ya betri kuzeeka. Betri ikikufa ni shida ya kituo, na kituo kiko na fundi. Analipa vile alizoea kulipa mafuta, mdogo mdogo, na usiku wa mwezi hachukui, halipi.

Hii akili ndio iko kwa boda za umeme pia. Spiro na Ampersand wako na vituo vya kubadilisha betri: unaacha ile imeisha, unachukua imejaa, unasonga. M-KOPA nao walianza zaidi ya miaka kumi iliyopita na sola ndogo za nyumbani za kulipa kila siku kwa simu. Sola ndogo ilifika kwa watu wengi juu mtu mwingine alikubali kubeba bei ya betri kwanza.

Kwa hivyo kama uko na kibanda na huwezi kununua LiFePO4 sai, usikimbilie betri ya gari. Uliza kama kuna ya kukodi ama ya kulipa polepole. Lakini piga hesabu ya jumla. Ukipata utalipa mara mbili ya bei ya dukani, chama ama sacco inaweza kuwa poa zaidi.

Na stima ya taifa je?

Unaweza uliza, hii ni shida ya Ogwedhi peke yake? Zii. Kenya yote iko na shida ya huyo kinyozi, ni vile tu ni kubwa.

Karibu asilimia 90 ya stima tunatengeneza inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tuko juu sana kwa hiyo mambo, hata nchi tajiri nyingi hazijafika. Lakini cheki ratiba. Kilele cha matumizi ni jioni, ile saa watu wamefika home. Saa nane usiku watu wamelala, matumizi inashuka, lakini upepo wa Turkana bado unavuma na mvuke bado unatoka. Kule Loiyangalani kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na kuna usiku inaambiwa ipunguze juu hakuna wa kununua. Mvuke pia unaachiliwa hewani. Halafu jioni ifuatayo tunawasha jenereta za mafuta.

Betri kubwa ndio ingeshika ile ya saa nane usiku iuze saa mbili jioni. Australia Kusini walionyesha dunia mwaka 2017, wakajenga betri ya Hornsdale ya megawati 100 chini ya siku 100. Kazi yake kubwa ikawa kutuliza laini: mtambo ukianguka ghafla, betri inaruka ndani kwa chini ya sekunde. Kumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, Kenya karibu yote iliingia giza na hata JKIA ikazima. Betri haiwezi kuzuia kila blackout, lakini inapeana hizo sekunde za kwanza ambazo laini inahitaji isidondoke yote. KenGen wako na mpango wa betri ya megawati 100 kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Huku kwetu kuna mtambo wa maji wa Gogo, kwa mto Kuja, Migori, umekuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1950. Megawati 2 tu. Sondu Miriu ni megawati 60. Yote miwili inategemea mto umejaa aje, kiangazi ikikuja inalegea. Na kiangazi ndio jua inawaka kabisa. Ukiunganisha maji, jua na betri, moja ikilala nyingine inaamka.

Kitu inakuja: betri ya chumvi

Kampuni ya Uchina, CATL, ilionyesha betri yake ya sodiamu mwaka 2021, na sai zimeanza kuingia sokoni. Sodiamu ndio ile iko kwa chumvi ya kawaida, iko kila mahali. Kwa uzito ule ule inabeba nguvu kidogo kuliko lithiamu, lakini kwa betri ya kukaa chini ya meza hiyo si hoja. Usingoje hiyo kununua. Jua tu ipo, na mtu akikuambia ameshaileta Migori, mwambie akuonyeshe karatasi.

Usiuziwe hewa

Kabla utoe doo, pitia hii list:

- Pima uzito. Betri ya asidi ya 100Ah inakuanga kama kilo 25 hadi 30. LiFePO4 ya 100Ah ni kilo 10 hadi 13. Ikiwa imeandikwa 100Ah na unaibeba na kidole, hiyo ni kibandiko, si betri.
- Soma jina vizuri. "Lithiamu" peke yake haitoshi. Tafuta LiFePO4, na uulize kama iko na BMS, ile kibodi ndani inayoilinda isijae kupita kiasi ama kuisha kabisa.
- Jaribu na mzigo. Ikiwa imejaa, LiFePO4 ya 100Ah inafaa kubeba mzigo wa wati 100 kwa karibu masaa 12. Ikikata baada ya masaa manne, irudishe siku hiyo hiyo.
- Cheki kontrola. Kontrola iliyowekwa kwa asidi inaweza kuumiza lithiamu. Lazima ibadilishwe iwe ya lithiamu.
- Usiunganishe mpya na mzee. Betri mbovu inaivuta nzuri chini.
- Uliza fundi leseni ya EPRA. Mafundi wa sola wanafaa kuwa nayo.
- Risiti na waranti kwa maandishi. Waranti ya mdomo inaisha ukitoka mlangoni.

Betri ikikufa inaenda wapi?

Hii watu hawapendi kuongea, na ndio noma kuliko zote.

Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za asidi kutoa risasi. Moshi na maji machafu vikaingia mtaani. Watoto wakagonjeka, akina mama wakapoteza mimba, watu wakafa. Phyllis Omido alikuwa anafanya kazi hapo, na mtoto wake mwenyewe akapatikana na risasi kwa damu. Akapigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 korti ya Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitupa hiyo hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa kila betri ya asidi inayokufa Ogwedhi, Awendo ama Rongo inachukuliwa na msee wa vyuma kuukuu. Wengine wanaimwaga asidi kwa mtaro, wanayeyusha risasi nyuma ya nyumba kutengeneza vyuma vya wavu. Hiyo moshi watoto wanapumua. Usipasue betri, usimwage asidi, na usikubali iyeyushwe karibu na nyumba. Rudisha kwa muuzaji, wengi wanapunguza bei ya mpya ukileta nzee. Za lithiamu hazina risasi, lakini usizitupe kwa takataka wala kuzichoma, zinaweza kulipuka. WEEE Centre kule Nairobi wanachukua taka za umeme, na Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni anafaa kubeba mzigo wa taka yake. Kwa hivyo ukinunua, uliza swali moja zaidi: ikikufa, mtaichukua?

Basi kinyozi wetu afanye nini? Aandike vitu anawasha na masaa, azidishe, aongeze ya inveta. Akipata namba kama 830, atafute LiFePO4 ya 100Ah na paneli ya wati 250 kwenda juu. Kama doo haijatosha, aanze na taa na mashine ya kunyoa peke yake, hiyo ni wati-saa 180, hata betri ndogo inaweza. TV ingoje. Mteja anaweza kukosa game, lakini hatarudi kwa kinyozi alimwacha na nusu kichwa.